Jino Lililorudishwa Mahali Pake

Wajukuu zangu mnaosomea meno, kila mkija kunitembelea hapa Nyamira mnaniuliza habari za makoleo ya zamani na wagonjwa walioshikwa mikono na miguu wakati wa kung'olewa. Hayo yalikuwapo, na mengine yalichekesha. Lakini mkitaka kuonja utamu wa kazi yetu, acheni nianze na siku moja pale Suneka, katika shule ya msingi, miaka ya sabini.

Tulikuwa tumepanga madawati nje ya darasa, watoto wamepiga foleni, nami napita mdomo baada ya mdomo. Akaja mtoto wa darasa la nne, gego lake la chini limelegea. Mwalimu wake akasema ling'olewe tu, maana wiki ya pili sasa mtoto hatafuni hata mahindi. Nikaweka kidole gumba chini ya taya, cha shahada ndani kwenye ufizi, nikatulia. Taya lilikuwa linatetemeka. Mtoto mwenyewe hakuwa na hofu yoyote. Uliotetemeka ulikuwa mfupa. Mmewahi kuegemea ukuta wa kinu cha posho pale Daraja Mbili kikiwa kinasaga? Basi ndivyo hivyo hivyo.

Nilicheka kwa furaha mbele ya shule nzima, mwalimu akadhani nimerukwa na akili. Nikamwambia jino lile haliguswi na mtu, hata na ulimi wa mwenyewe akiweza kuuzuia, na mchana ule ule nikawa naye kwenye Land Rover ya hospitali tukielekea mjini. Alitibiwa kabla hajamwaga kijiko kimoja cha damu.

Sasa, kidole changu hakikuzaliwa na akili hiyo. Kilifundishwa, na mwalimu wake alikuwa msichana wa Marani aitwaye Kwamboka, na somo lile nusura limuue.

Nilikuja Kisii nikiwa mke mchanga, kutoka kwetu Karachuonyo kando ya ziwa. Mume wangu alikuwa karani mjini, nami nikapata kazi ya usaidizi katika chumba cha meno cha hospitali moja. Kikisii sikukijua. Siku moja nilichanganya maneno nikamwambia mzee mmoja afungue mlango, nikikusudia mdomo. Akainuka kwa adabu, akaufungua, akaenda zake na jino lake. Tangu siku hiyo nikashika Kiswahili na wagonjwa, wao wakivunja cha kwao nami nikivunja changu, tukakutana katikati.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nyang'au. Yeye hakuwahi kukaa kwenye darasa la udaktari. Alijifunza meno jeshini, wakati wa vita vya Burma, akiwashikia taa madaktari wa Kizungu hadi mmoja alipochoka akamwachia koleo. Mikono yake ilikuwa mikubwa kama majembe, na myepesi ajabu. Alinifundisha kwamba jino halivutwi. Kwanza unalisukuma chini, kama unayetaka kulizika, kisha unalitikisa polepole nje na ndani hadi likuchoke. Anayevuta huvunja. Chumba cha nyuma alikuwa na meza yake ya plasta na nta, huko akitengeneza meno ya bandia, na wazee wa Kitutu waliamini kuwa meno ya Nyang'au yanatafuna mfupa.

Siku aliyokuja Kwamboka ilikuwa ya soko. Mnajua siku za soko: watu wanaangusha vikapu vya ndizi Daraja Mbili, halafu wanakumbuka kwamba jino linauma. Foleni ilikuwa imefika kwenye maua ya uani. Mama yake alibaki nje na kitoto kidogo mgongoni, na msichana akaingia peke yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, amevaa sare ya shule. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba kidogo, na gego moja la chini lilicheza nilipoligusa na kioo.

Aliniambia mambo matatu, na nawaomba myashike. Kwamba shavu hilo huwa na joto kuliko lingine. Kwamba akipiga mswaki ufizi hutoa damu nyingi, hata asipousugua. Na kwamba akilalia upande ule usiku husikia kitu kikipita ndani ya mto wake, shuu, shuu, shuu, kama maji.

Niliyasikia yote matatu. Sikuyasikiliza. Nilimjibu kwamba ni usaha, likishatoka atapona, na huku nikijaza sindano ya ganzi nilikuwa namtazama mtu wa pili kwenye foleni.

Jino lilitoka bila nguvu, kama kijiti kilichochomekwa kwenye udongo wa tope. Nilikuwa hata sijaliweka kwenye sahani wakati damu ilipokuja. Damu ya jino mnaijua, hujaa taratibu. Hii iliruka. Ilipiga aproni yangu, ikapiga ukuta nyuma yangu, na kila moyo wake ulipodunda ikaruka tena. Nikabandika bandeji, ikalowa kabla sijaikandamiza. Nikabandika nyingine. Msichana alikuwa ananitazama machoni, na rangi inamtoka. Nikamwita Mzee.

Akatoka chumba cha nyuma na plasta imekauka vidoleni. Alitazama mdomo mara moja, akalichukua lile jino kwenye sahani, akaligeuza kuona mbele yake ni wapi, akalirudisha kwenye shimo lake. Akaweka bandeji juu, akamfunga taya, mkono mmoja juu ya kichwa na mwingine chini ya kidevu.

"Uma," akamwambia. "Uma kama unavunja mfupa."

Damu ikasimama. Nawaambia ilisimama kama mfereji uliofungwa. Mimi nilikuwa bado nimeshika bandeji zangu mbili.

Baadaye nilimuuliza alijuaje. Akasema hakujua. Ila kilichotoka kwenye shimo ndicho kinacholingana na shimo, na hapo hapakuwa na wakati wa kutafuta kitu kingine.

Mama Kwamboka alikuwa amesikia mbio za viatu, akaja mlangoni. Aliona ukuta. Akaniuliza kwa sauti ya chini ni nini kimempata mtoto wake.

"Jino lilikuwa limelegea, mama," nikamwambia. "Limetoka."

Tazameni kitenzi hicho. Sikusema nimeling'oa. Sikusema mtoto alinionya. Nilisema limetoka, kana kwamba liliamka asubuhi likaamua safari. Mzee Nyang'au alinitazama mara moja tu, akarudisha macho kwa msichana.

Nilitaka kuvua aproni niende nyumbani nisirudi. Walipomchukua Kwamboka wodini, Mzee akafuta ukuta yeye mwenyewe, kisha akaniambia kuna mtu kwenye kiti. Ndivyo alivyosema, na ndipo nikagundua kwamba bado nilikuwa mfanyakazi.

Daktari wetu wa upasuaji alikuwa Daktari Fernandes, Mgoa mfupi mwenye miwani, aliyekuwa akiimba puani akifikiri. Alimkuta Kwamboka ameuma bandeji yake, akaweka stetoskopu kwenye shavu lile. Akaacha kuimba. Akasikiliza hapa, akasikiliza pale, chini ya sikio, shingoni. Halafu uso wake ukawaka kama wa mtoto aliyepewa barua. Alisema ameisoma hali hii kwenye vitabu tangu ujana na hajawahi kukutana nayo, akawaita wauguzi wote wa wodi waje wasikilize mmoja mmoja. Mwishowe akafanya jambo nililompendea: akamtia Kwamboka mwenyewe zile ncha masikioni.

Msichana alisikiliza, macho yakamtoka. Akachukua daftari lake, maana alikatazwa kufungua mdomo, akaandika: Ndiyo hiyo. Daktari akasoma kwa sauti, wodi nzima ikacheka kwa furaha. Wengi walikuwa wamemwambia anaota. Mimi nilicheka pamoja nao, na moyoni nikajua mimi ni mmoja wao.

Nyinyi mna majina marefu ya ugonjwa huu. Sisi Daktari alitueleza hivi. Damu ikitoka moyoni huingia mishipa minene, kisha midogo, kisha midogo zaidi, nguvu ikapungua kabla haijarudi. Kuna watoto wanaozaliwa mishipa yao imeungana vibaya mahali fulani, na kwa wachache mahali hapo ni ndani ya taya. Damu inaingia mfupani na nguvu zake zote. Inaula mfupa polepole miaka na miaka, na wakati wa kubalehe mambo huharakisha. Kwenye eksrei taya la Kwamboka lilikuwa kama sega la nyuki. Meno yake yalikuwa yanaelea, na yule aliyefikiri ameona jino bovu alikuwa ameona kizibo.

Kumpeleka Nairobi Daktari aliogopa barabara. Gari likirushwa mara moja na jino lile liking'oka njiani, nani angemshika? Akazungumza kwa simu na mwalimu wake wa zamani, laini ikikatika na kurudi, akiandika hatua kwa hatua kwenye ganda la faili. Wakakubaliana afanyiwe upasuaji pale pale Kisii, ila kwa masharti mawili: jino lisiguswe hadi siku hiyo, na damu ya kumwongezea iwe tayari ndani ya friji.

La kwanza lilikuwa la Mzee. Alilifunga gego kwa waya mwembamba kwenye majirani zake, akalainisha nta kwa maji ya moto, akaibandika kama anayegusa yai. Kwa umbo lile akatengeneza kofia ya plastiki ya waridi, ile ile ya meno ya bandia, ikafunika meno ya upande ule yote. Kwamboka akaishi kwa uji na supu, akizungumza kwa daftari. Aliandika sana msichana yule. Alimwandikia Mzee kwamba kofia yake ina ladha ya kiatu.

La pili lilinipata mimi. Daktari alitaka chupa sita za kundi la damu la Kwamboka, na watu wa siku zile waliogopa kutoa damu kuliko kuogopa chui. Baba yake Kwamboka alikuwa mwimbishaji wa kwaya ya Wasabato kule Marani, akaniomba niende niseme na kanisa. Nikapanda vilima vile kwa miguu Sabato asubuhi, mgeni wa ziwani, nikasimama mbele ya watu waliovaa nadhifu kuliko mimi.

Mzee mmoja akauliza kama damu iliyotolewa hurudi. Mwingine akasema mtu aliyetolewa damu hawezi tena kuinua jembe. Nilikunja mkono wa blauzi nikawaonyesha alama. Nikawaambia nimetoa yangu Jumatano, na leo nimepanda mlima wao. Kama kuna mwenye nguvu zaidi ajitokeze tushuke na kupanda tena pamoja. Wakacheka, na kanisa likalegea. Ndipo bibi mmoja akauliza hasa mtoto alipatwaje.

Nikajibu tena: jino lilitoka.

Basi nimesema uongo mara mbili, mara ya pili kanisani, na watu wakaweka damu yao juu yake. Sikulala vizuri tena.

Jumapili kwaya ikateremka. Sauti za kwanza zilitoa bila neno, za pili zikiimba taratibu kutiana moyo. Jitu la besi, refu kama mlingoti, lililoapa njia nzima kwamba litatoa chupa mbili, lilianguka lilipoiona sindano, likabebwa nje na akina mama wawili. Chupa sita tulizipata, na ya saba juu.

Siku ya upasuaji nilipewa mashine ya kufyonza damu. Ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, kama cherehani. Ukisimama, daktari haoni. Daktari Fernandes alipasua kwanza shingoni, akautafuta mshipa unaolisha uso, akaupitishia utepe wa pamba ili aweze kuukaza. Alikuwa ametuonya kwamba kuufunga mshipa huo peke yake si dawa. Ukiziba mto huku juu na bonde likabaki na kiu, maji hutafuta njia nyingine. Damu hupitia upande wa pili wa uso, na ukirudi mwakani unakuta hali mbaya kuliko ya mwanzo, na mlango wako umeuziba mwenyewe. Utepe ule ulikuwa wa kutununulia dakika tu. Dawa ilikuwa ndani ya mfupa.

Akakaza utepe. Akaondoa kofia ya Mzee, akakata waya, akaling'oa lile jino kwa mara ya pili.

Hata na utepe, damu ilikuja. Nikakanyaga. Daktari akaingiza kijiko cha kukwangulia ndani ya taya, akawa anafanya kazi kwa vidole vyake zaidi kuliko kwa macho, huku Mzee Nyang'au akimpa vipande vya nyama vilivyotolewa kwenye paja la msichana, kimoja baada ya kingine, kuvisokomeza kwenye vile vyumba vya sega. Kila kipande kikiingia damu ilipungua nguvu kidogo. Chupa ya tatu ikatundikwa, ya nne ikatundikwa. Mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi, nikabadilisha mwingine bila kukosa mpigo. Halafu akasokomeza bandeji moja ndefu, hatua kwa hatua, hadi shimo likajaa, akalegeza utepe wa shingoni polepole sana. Sote tukaiangalia ile bandeji. Ikabaki nyeupe pembeni. Daktari Fernandes akaanza kuimba puani, na mimi nikalia nikiwa bado nakanyaga mashine isiyokuwa na cha kufyonza.

Mambo yamebadilika, najua. Siku hizi mnapitisha mrija mwembamba kutoka kwenye kinena hadi usoni, mnaziba mishipa kutoka ndani mkiitazama kwenye kioo, na mtoto hana hata kovu. Mliponionyesha picha hiyo kwa simu nilitaka kuruka. Lakini hata mrija huo hauna faida kama mtu wa kwanza ameshang'oa.

Bandeji ile tuliitoa kidogo kidogo, siku baada ya siku, na siku ya kumi ncha ya mwisho ikatoka kavu. Usiku uliofuata Kwamboka hakupata usingizi. Alilalamika kwa muuguzi kwamba mto umekuwa kimya mno.

Siku ya kuruhusiwa, baba yake alileta mkungu wa ndizi na kuku wawili. Mkungu ulikuwa wa Mzee. Kuku mmoja wa Daktari, mmoja wangu, kwa sababu, alisema, nilipanda mlima. Nilimshika yule kuku nikashindwa kusema asante. Nikamwendea Mama Kwamboka aliyekuwa ameketi kwenye benchi la nje akimfunga binti yake kitambaa cha kichwa. Nikamwomba msichana atupishe kidogo.

Nikamwambia jino halikutoka. Nililing'oa mimi. Mtoto aliniambia joto, akaniambia damu, akaniambia sauti, na mimi nilikuwa natazama foleni. Nikamwambia nimelidanganya na kanisa lao.

Alikunja pembe ya leso.

"Tunajua, sista," akasema. "Kwamboka aliandika kwa daftari siku ile ya kwanza. Baba yake akanisomea."

Nikamuuliza mbona hawakusema, si kwangu wala kwa daktari.

"Tungesema, wangekutoa kule ndani. Na wewe ndiye ulikuwa na hasira ya kumponya." Akanitazama. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Ulikawia."

Hakusema ananisamehe, nami sikumuuliza. Aliinuka, akamwita binti yake, wakaenda kutafuta gari la Marani. Kuku nilimrudishia baba, alimkataa, nikalipelekea lile jitu la besi, likamla bila aibu.

Miaka ikapita. Nilidhani sitamwona tena mama yule, na nilimwelewa. Palikuwa na hospitali nyingine, na palikuwa na Mzee, ambaye watu wengi walimngoja hata nusu siku kuliko kukaa kwangu. Kisha siku moja ya soko, foleni ikiwa imefika kwenye maua, nikamwona mlangoni. Alikuwa ameshika mkono kile kitoto alichokuwa akikibeba mgongoni, sasa kimekua, msichana aitwaye Moraa, shavu moja limelowa machozi. Mzee Nyang'au alikuwa ametoka chumba cha nyuma, kiti chake ki wazi, akamwashiria mama aingie kwake.

Mama Kwamboka alimsalimu kwa heshima, akampita. Akamnyanyua mtoto, akamkalisha kwenye kiti changu.

"Huyu linamuuma la kulia," akaniambia. "Atakueleza mwenyewe."

Nikavuta kiti kingine, nikaketi mbele ya Moraa, nikamwambia anieleze tangu mwanzo.